Breki ya Sahani

Wahariri wa kitabu chetu huniomba kila mwaka niandike juu ya lugha au juu ya masomo ya watoto, nami hayo nimekwisha kuyaandika mara nyingi. Mwaka huu jamaa wa Louisville, wa Columbus na wa hapa kwetu Buffalo waniwie radhi, maana nitasema juu ya breki za baiskeli. Sababu ninayo.

Sisi tuliokulia Unguja tulizijua Raleigh na Phoenix. Breki zake zilikuwa za vyuma: unabana mkono, fimbo inavuta, raba mbili zinapanda kukamata ringi. Mvua ikinyesha hazishiki, basi mtu huteremsha mguu. Baiskeli za mlimani wanazopanda wajukuu zetu ni jambo jingine kabisa. Kwenye habu ya gurudumu imefungwa sahani nyembamba ya chuma, na ukingo wake umepita ndani ya kidude mfano wa koleo kiitwacho kalipa. Humo mna pedi mbili, na hizo ndizo ziibanazo sahani. Nafasi baina ya pedi na sahani haifiki nusu milimita. Kwa hiyo kalipa ikikaa upande kidogo tu, pedi husugua na baiskeli hulia njia nzima.

Mjukuu wangu wa miaka 14 alipata baiskeli ya namna hiyo, mkono wa pili, nayo ikawa inalia. Dukani alitajiwa bei iliyomrudisha nyumbani. Basi akajitafutia dawa mwenyewe: akalegeza waya wa breki ya nyuma mpaka kelele zikaisha. Kelele ziliisha, na breki nayo ikaisha. Nilipoubana mkono uligusa usukani, na gurudumu likaendelea kuzunguka kama halikuambiwa kitu. Na kijana huyu kila siku hushuka daraja la Ridge Road, lile lipitalo juu ya njia za reli, malori ubavuni mwake. Mama yake alitaka baiskeli iuzwe siku ile ile. Nikamwambia, "Mwanangu, nipe mpaka kesho."

Jambo la kwanza ni kusikiliza. Tuliurudisha waya kama ulivyokuwa, tukanyanyua gurudumu, tukalizungusha. Mlio ukija mara moja kila mzunguko, kisha kimya, kisha tena, basi sahani imepinda na kalipa haina hatia. Wetu haukukatika hata kidogo. Tukalegeza ekseli baiskeli ikiwa imesimama chini kwa uzito wake, gurudumu likae sawasawa mahali pake, tukakaza tena. Mara nyingi maneno huishia hapo. Yetu hayakuishia.

"Babu, kalipa ndiyo mbovu," akasema kijana. Bibi yake akaitika kutoka jikoni, "Kalipa? Kalipa nani? Na kalipa ngapi?" Ilitubidi tuweke spana chini kwa kicheko, na kijana hakuelewa mpaka nilipomfafanulia Kiunguja chetu.

Kalipa hushikwa na bolti mbili za pembe sita, na spana yake kwa kawaida ni ya milimita 5. Ziko bolti nyingine ziunganishazo nusu mbili za kalipa yenyewe, hizo msiziguse. Nilimwekea karatasi nyeupe nyuma, nikamwonyesha mwanga kwa kijiti kama tulivyoonyeshwa herufi chuoni. Upande mmoja ulionekana uzi wa mwanga, upande wa pili giza. Tukalegeza bolti mbili hata kalipa ikacheza. Yeye akabana mkono wa breki, akaushikilia. Mimi nikakaza kidogo bolti ya juu, kidogo ya chini, nikirudia kwa zamu. Ukikaza moja mpaka mwisho kwanza, kalipa huvutwa ikapinda tena.

Ila breki ya waya kama hii, pedi moja tu ndiyo iendayo. Ile ya upande wa spoki imetulia. Kwa hiyo mwisho tuligeuza skrubu yake polepole, hata mwanga ukaonekana pande zote mbili. Breki za mafuta hazina shughuli hiyo, pedi zake husogea zote.

Gurudumu likazunguka kimya. Nikambana anipandie kiambazani mara kumi na kusimama mara kumi kabla ya mama yake kuitwa. Baiskeli haikuuzwa.

Mengine ni machache. Mikono iliyotoka kwenye sambusa isiguse sahani, maana mafuta huziharibu pedi. Sahani hupanguswa kwa spiriti na kitambaa safi. Sahani inayozunguka hukata kidole, na ikitoka mteremkoni huunguza. Chumvi imwagwayo barabarani kwetu kuyeyusha theluji huzila bolti, basi zitazamwe kila masika. Na vijana wa Louisville wanaoteremka kilima cha Iroquois Park watazame unene wa pedi: ikibaki kama milimita 1, zibadilishwe.

Spana ya ziada ninayo. Watakaokuja Lackawanna Sikukuu Mosi waje na baiskeli zao, nitakuwa nje baada ya chakula.