Mtoto asiyelia mama akiondoka



Kwetu Goma tumezoea kumsifu mtoto asiyesumbua. Anaachwa kwa jirani, halii. Mgeni akiingia, anamrukia mapajani na kumwita mama. Tunasema huyu amelelewa vizuri, na mara nyingi ni kweli, ni mtoto mchangamfu tu. Lakini wako wengine ambao hawalii kwa sababu wamekwisha kujifunza kwamba kulia hakumleti mtu.

Wanganga wanaiita shida ya mshikamano. Inaanza mapema, kabla ya miaka 5, kwa mtoto aliyekosa mtu wa kudumu: amepita mikono mingi, au ameachwa peke yake mno, hakuna wa kumbeba alipoogopa. Ina sura mbili. Kuna yule ambaye akianguka na kuumia hamtafuti mtu wa kumfuta machozi, na ukimkumbatia anakakamaa kama ubao. Na kuna yule anayemfuata yeyote, hata mwenye pikipiki asiyemjua. Huyu wa pili ndiye anayetutia hofu zaidi, maana mjini humu si kila anayemshika mtoto mkono ana nia njema.

Mambo haya hayakuchunguzwa Ulaya peke yake. Mwaka 1954 mtaalamu mmoja, Mary Ainsworth, alifika Uganda, hapa kwa jirani zetu, akazitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiketi na wamama na kuangalia watoto wachanga. Aliona jinsi mtoto anavyotambaa mbali kidogo, anachezea kitu, anageuka kuhakikisha mama yupo, kisha anaendelea na mchezo. Aliona pia watoto walioshikamana na watu wengine wa nyumbani, si mama tu. Hilo lilitufurahisha, kwa kuwa kwetu mtoto halelewi na mama mzazi peke yake. Kinachohesabika ni nani anarudi kila mara.

Katika likelemba yetu kuna mama anayelea mtoto wa dada yake marehemu. Mtoto ana miaka 7, na kabla ya kufika kwake alikuwa amelelewa na watu 5, vita ikiwatawanya mmoja baada ya mwingine. Kwenye masomo alichukua mandazi ya wenzake akayaficha bila kuyala. Mwalimu akimkemea, anacheka. Akiandika vizuri na kusifiwa, anapasua daftari. Watu wa ukoo wakaanza kunong'ona neno uchawi, na mmoja akatafuta mahali pa kumfungia mtoto kwa maombi, bila chakula. Tulikataa. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inayolinda watoto inamwadhibu anayemshitaki mtoto kwa uchawi, ingawa mnong'ono hauogopi sheria. Na tulimwuliza yule mjomba: mtoto aliyenyang'anywa kila kitu kizuri, wewe unashangaa nini akikipasua mwenyewe kabla hakijachukuliwa?

Tulikwenda shuleni watatu pamoja na mama yake mdogo. Mwalimu ana watoto zaidi ya 70 katika darasa moja, kwa hiyo hatukumwomba awe mganga. Tuliomba amsalimie kwa jina kila asubuhi mlangoni. Tuliomba mtoto akae mbele, kando ya ukuta, mahali anapomwona mwalimu na mlango pamoja. Akikosa, aadhibiwe akiwa ndani, kwa kufuta ubao au kukusanya madaftari, asitolewe nje. Kwa mtoto huyu kutolewa nje ni kuachwa tena, na kurudishwa nyumbani kwa ajili ya makuta ni vivyo hivyo. (Tunajua elimu ya msingi ya serikali ni ya bure tangu 2019. Tunajua pia watoto wanavyorudishwa.) Direkta aliguna, lakini mwalimu alikubali yote palepale.

Nyumbani kazi ni ndefu zaidi. Mama yake mdogo anamchukua mwenyewe, saa ileile, akisimama chini ya mti uleule. Akienda Birere sokoni anamwambia kweli kwamba atachelewa. Hatoroki kwa mlango wa nyuma ili asione kilio. Hamlazimishi kumkumbatia. Anamwekea mandazi moja juu ya kabati, na mtoto anajua ipo hata asipoila. Na amemfundisha majina ya watu 3 tu anaoweza kufuatana nao njiani.

Tusimwite kila mtoto wa vita kwa jina hili. Wengi walipendwa vizuri tangu kunyonya; wanachobeba sasa ni msiba, na wanalia kama anayejua alichopoteza. Mwingine anaonekana mkavu kumbe hasikii vizuri, masikio yapimwe kwanza. Shida yenyewe ni adimu, na kuitaja ni kazi ya aliyeisomea. Ila kumpa mtoto mtu asiyebadilika hakungojei karatasi ya hospitali.

Baada ya miezi mitano, siku moja mwalimu aliugua na hakuja. Mtoto alilia darasani mpaka kengele ya mwisho. Direkta alituita akiwa na wasiwasi, na sisi tulipiga vigelegele ofisini kwake. Ilibidi tumweleze.

Sasa kuna jambo jipya. Mwalimu huyo ana mimba, mwezi ujao anakwenda kupumzika, na mwalimu mwingine atashika darasa. Tumeomba aje mapema, akae darasani pamoja naye, ili mtoto amwone yule wa kwanza akimkabidhi kwa mkono na kumwambia tarehe atakayorudi. Direkta ametupa siku mbili. Jumatatu tunarudi kwake kuomba juma zima, na anayeweza kuja atukute mlangoni saa moja na nusu asubuhi.