Karti ya wazungu na lukasa ya bankambo

Watoto wetu wa darasa la saba na la nane wanajifunza historia kama wimbo: mwaka, jina, mwaka, jina. Mtihani ukipita, wamesahau. Mimi ninatumia karti za zamani, kwa sababu karti inaonyesha kwa macho. Lakini lazima mtoto ajue namna ya kuiuliza: nani alikuchora, na juu ya faida ya nani?

Tutwae mfano wa Katanga. Mkutano wa Berlin ulianza Novemba 1884, ukaisha Februari 1885. Hakuna Mwafrika aliyeitwa. Mnamo Agosti 1885 Leopold II akatangazia mataifa mipaka ya Dola lake, Katanga ikiwa ndani. Hapo ninauliza darasa: mwaka ule nani alitawala Bunkeya? Wanatafuta, wanapata: Msiri, mfalme wa Bayeke. Aliuawa 20 Desemba 1891. Kumbe miaka sita mzima karti ilisema neno moja, inchi ikasema lingine! Pale wanaelewa ya kuwa karti iko pia madai ya mwenye kuichora.

Kuko jambo la pili. Kwenye karti nyingi za zamani za Ulaya, katikati ya Afrika mko peupe. Mwanafunzi mmoja aliniuliza: «Mwalimu, pale hapakukuwa watu?» Kwa kumjibu nikawaonyesha picha ya lukasa.

Lukasa ni kibao cha Baluba, cha kushika mkononi, kimepachikwa shanga. Watu wa chama cha Bambudye walikuwa wanaisoma kwa kupitisha kidole. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo iliweza kuwa mfalme na watu wake. Mstari wa shanga, njia ya safari. Hivi walisimulia habari za Nkongolo, Mbidi Kiluwe na Kalala Ilunga. Haikusomwa namna moja siku zote. Msomaji alifuata shauri lililokuwa mbele yake. Basi pale peupe palikuwa na wafalme, njia na majina. Mchoraji wa Ulaya njo hakuyajua. Leo lukasa zingine ziko katika makumbusho ya ng'ambo, kama Brooklyn kule Marekani.

Kisha ninawapa kazi ya nyumbani. Uliza nkambo wako: tulitoka wapi, tulivuka mito gani, kijiji tulichoacha kiliitwaje? Kesho yake tunapanga mahindi na maharagwe kwenye mchanga wa uwanja. Hatuigi lukasa yenyewe, ile ilikuwa na miiko yake. Tunafuata tu akili yake. Halafu tunaweka atlasi pembeni. Kuna mstari wa maharagwe unaovuka Luapula bila kusimama, na kwenye atlasi mto ule njo mpaka na Zambia. Mtoto anaona kwa macho yake ukoo mmoja ukiwa na inchi mbili.

Walimu wenzangu, msitupe karti za zamani za shule. Hata ile ya jimbo moja la Katanga imekuwa historia, tangu jimbo ligawanywe mara nne katika 2015. Na ninyi wazazi, pelekeni watoto kwa wazee mapema. Majina mengi ya vijito na ya vijiji vilivyoachwa yako katika vichwa vyao tu. Mzee akienda nayo, karti itabaki tena peupe, na safari hii hatutasema ni mzungu aliyeiacha vile.