Pipa la Maji Moto Nyuma ya Nyumba
Katika nyumba za zamani za Kilimani, Lavington na Karen, magharibi ya Nairobi, bado huonekana nyuma ya jiko kijumba cha matofali chenye pipa la chuma na dohani. Humo kuni huchemsha maji ya kuogea, nao moshi hubaki nje.

Maji baridi huingia chini ya pipa na ya moto hutoka juu, kwani maji yapatapo moto hupanda yenyewe. Lakini jambo kubwa ni bomba la pumzi, lipandalo kupita tangi la maji na kuachwa wazi. Fundi alitiaye koki bomba hilo, eti lisidondoke, ametega mauti. Maji yageukapo mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600. Yakiikosa hupasua pipa, na aliye karibu ni mtumishi aliyeinama kuchochea moto alfajiri ya Julai, si mwenye nyumba aliye kitandani.

Kuni ziwe kavu, kwa maana mbichi hujaza masizi dohanini. Majivu yazolewe kila siku (migomba huyapenda). Wala mtu asiwashe moto kabla ya kufungua bomba la maji moto bafuni na kuona maji yanatoka.