Futi Mbili za Mjomba: Safari ya Ngaremara



Isiolo ni mji ambao wengi wetu wa pwani tunaujua kwa jina tu. Basi litokalo Nairobi hupanda hadi Nanyuki na Timau, ambako baridi ya Mlima Kenya humlazimisha mtu wa Mombasa kujifunika kila alichobeba, kisha barabara huteremka kwa kasi mpaka kwenye joto jingine kabisa. Si joto letu la jasho na chumvi. Ni joto kavu linalopasua midomo. Hapo ndipo penye mji, na msafiri Mwislamu hufurahi kusikia adhana zikifuatana, kwani miongoni mwa waliouanzisha ni Wasomali wa koo za Isaaq na Harti waliokalishwa hapo baada ya kutumikia jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Leo utawakuta humo Waborana, Wameru, Waturkana, Wasamburu na Wasomali, wote sokoni, wote wakibishana bei ya mbuzi.

Ngaremara iko mbele yake kidogo, upande wa kaskazini, kando ya barabara ya lami iendayo Archer's Post na Marsabit hadi Moyale. Wenyeji wake wengi ni Waturkana. Neno *ngare* katika lugha ya Wamaasai na Wasamburu ni maji, na mgeni anayefika wakati wa kiangazi hushangaa aliyeita mahali hapo kwa jina hilo alikuwa akiona nini: migunga, mawe meusi, vumbi, na ngamia wakitembea polepole kana kwamba hawana haja na lolote.

Sikwenda kutalii. Nilikwenda kwa sababu ya nyumba iliyopasuka, na kwa sababu nina sehemu yangu katika kupasuka kwake.

Binti wa dada yangu ameolewa na kijana wa Kiborana, dereva wa lori la mifugo, nao wakajaaliwa kiwanja Ngaremara. Ukoo ulichanga. Baadhi yenu mnaosoma waraka huu mlichanga pia, nami ndiye niliyepokea fedha na kuzipeleka. Kwa hiyo hesabu ninayoitoa hapa mna haki nayo. Mwaka 2022 mpwa wangu alinipigia simu kwamba fundi wao, Mmeru mtu mzima, amesema msingi uchimbwe futi tano au zaidi, mpaka udongo mweusi wote upitwe. Nilicheka. Nilimwambia, "Futi tano? Anajenga nyumba au anachimba kisima?" Kisha nikaongeza neno ambalo natamani lingebaki tumboni: kwamba fundi huyo anazipigia hesabu fedha za watu. Simu ilikuwa kwenye kipaza sauti. Fundi alikuwa amesimama pale pale, kamba ya kupimia mkononi.

Siku ile ile aliondoka. Akaja mwingine, wa bei nafuu, akachimba futi mbili kama mjomba alivyoagiza.

Hukumu yangu niliitoa kwa elimu ya kwetu. Mahali pengi kisiwani Mombasa na katika ukanda wetu ukichimba kidogo unagonga mwamba wa matumbawe, na mwamba huo hauna habari na mvua. Wazee wetu walijenga juu yake kwa mawe hayo hayo, chokaa na boriti za mikoko, na nyumba zikasimama karne na karne. Adui wetu pwani si ardhi. Ni unyevu unaopanda ukutani na chumvi yake. Chokaa huuacha unyevu huo utoke taratibu, ilhali saruji huufungia ndani mpaka ukuta unaanza kumenyeka kama ndizi. (Nawaomba wanaokarabati nyumba za zamani kwa plasta ya saruji walifikirie hili. Nimelisema msikitini mara nyingi, sijaona dalili ya kusikilizwa.) Basi nilidhani kanuni ya kwetu ni kanuni ya dunia nzima.

Udongo wa kiwanja kile ni mfinyanzi mweusi. Mafundi wa bara huuita udongo wa pamba, jina lililotoka Bara Hindi, kwa kuwa pamba husitawi juu yake. Mimea huupenda, nyumba haziupendi. Chembe zake hunywa maji na kuvimba, na zikikauka hunywea na kuacha nyufa. Nilipofika kulikuwa kukavu, na nyuma ya jiko niliweza kutumbukiza mkono katika ufa wa ardhi hadi kiwikoni.

Sasa tazameni tulivyofanya. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022 kaskazini ya Kenya ilikosa mvua misimu mitano mfululizo. Mifugo ilikufa, watu wakahangaika. Tulijenga katikati ya ukame huo, wakati udongo umenywea kadiri uwezavyo kunywea na umekuwa mgumu kama jiwe. Fundi wa pili aliupiga sururu ikadunda, akasema huu ni mwamba. Hakudanganya, siku ile ulikuwa kama mwamba. Kisha ikaja vuli ya 2023, mvua za El Niño zilizoleta mafuriko kote kaskazini na kwetu pwani pia, na ule udongo ukanywa kiu ya miaka mitatu. Ulivimba kutoka pembeni mwa nyumba ambako maji yalisimama, ukazinyanyua pembe zake, lakini katikati ukabaki mkavu. Ukuta wa mawe haupindi. Ukapasuka mshazari kutoka kona za madirisha. Kiangazi kiliporudi, udongo ukashuka, na nyufa badala ya kufunga zikapanuka. Mlango wa chumba cha watoto haufungi tena. Mpwa wangu ameusogezea sanduku la nguo ili upepo usiufungue usiku.

Aliponionyesha hayo hakunilaumu hata kwa neno moja. Alisema tu, "Mjomba, tahadhari na hicho kizingiti, kimeinuka." Ningeona nafuu kama angegomba.

Jirani yao ni bibi wa Kiturkana, na kwao kazi ya kujenga ni ya wanawake. Nyumba yake ya kulala, waiitayo *akai*, ni kama kikapu kilichofunikwa: fito zimechomekwa ardhini na kukunjwa, juu zikaezekwa makuti ya mkoma na ngozi. Haina msingi wowote. Ardhi ikivimba nayo huinuka, ikishuka hushuka nayo, na pakiharibika huchomeka fito mpya asubuhi moja. Pembeni amechimba kifereji kidogo cha kuyapeleka maji upande wa chini. Nilimuuliza kama mafuriko ya 2023 yalimfikia. Akanyoosha mkono kuelekea kiwanja chetu akasema, "Maji hupita pale. Tangu zamani hupita pale." Nikamuuliza mbona hakutuambia. Akasema hakuna aliyemuuliza.

Nilitazama tena, na kwa kweli palikuwa na bonde dogo, hafifu, lenye mchanga mwepesi ulioachwa na maji. Huko kaskazini njia kama hizo huitwa *laga*: mwaka mzima ni kavu, watu wanapita, mbuzi wanalala, kisha mvua inanyesha vilimani mbali na maji yanafika bila ya wingu hata moja juu ya kichwa chako. Katika Sura ya Tawba mna mfano wa mtu aliyeweka jengo lake kwenye ukingo unaomeguka. Nimeisomesha aya hiyo zaidi ya miaka ishirini. Siku zote niliifafanua kwa upande wa nia, na sikuacha kuwa sahihi, kwani imeshuka kuhusu msikiti uliojengwa kwa nia mbaya. Lakini sikuwahi kujiuliza mbona mfano wenyewe ni wa maji na udongo, na Waarabu walioisikia mara ya kwanza walikuwa wameona nini kwa macho yao.

Walikuwa wameona mafuriko. Makka iko bondeni, nayo ni nchi kavu kama Ngaremara. Makureshi waliijenga upya Al-Kaaba baada ya mafuriko kuidhoofisha, Mtume wetu (s.a.w.) akiwa na umri wa miaka 35 kwa riwaya mashuhuri, na wakauinua mlango wake juu ya ardhi. Fedha za halali ziliwapungukia, wakaacha sehemu ya msingi wa Ibrahimu nje ya ukuta. Mwaka 1039 Hijria, sawa na 1630, mafuriko yaliziangusha kuta ikabidi zijengwe tena. Na mwaka 1941 watu walipigwa picha wakiogelea kuizunguka. Wanaokwenda Hija wameuona ule ukingo wa marumaru ulioinama chini ya ukuta, uitwao Shadharwani. Mashekhe wa madhehebu yetu ya Shafi wanasema ni sehemu ya msingi wa Nyumba, ndiyo maana anayetufu hapaswi kutembea juu yake. Wengine wanasema uliwekwa baadaye kuukinga ukuta na maji. Sitaki kulifungua hilo hapa. Nasema tu kwamba umbo lake ndilo lile lile ambalo fundi alikuja kunieleza kuhusu nyumba ya mpwa wangu: ukingo wa zege ulioinamia nje, upana usiopungua hatua moja, unaoizunguka nyumba yote, ili maji ya mvua yasinywewe na udongo ulio karibu na msingi.

Ndiyo, fundi yule wa kwanza. Nilimtafuta Isiolo siku ya pili, nikamkuta akijenga ukuta wa duka. Nilijitambulisha kuwa ni mjomba wa ile simu. Alinitazama kitambo, akaendelea kupiga jiwe timazi. Nilimwambia kwamba nilimsingizia wizi mbele ya watu bila ya kumjua, na kwamba katika dini yangu haki ya mja haifutwi kwa kumwomba Mungu peke yake mpaka mwenye haki asamehe, kwa hiyo nimekuja kuomba radhi. Yeye ni Mkristo. Akasema kwao pia ni hivyo. Kisha akaniuliza, "Mzee, nyumba imepasuka wapi?" na nilipomweleza akaelewa pembe kabla sijaimaliza sentensi.

Kesho yake alikuja Ngaremara. Alichimba shimo moja tu kando ya ukuta ili nione mwenyewe. Futi mbili, mweusi. Futi tatu, mweusi, na una unyevu kidogo, ukiubana hung'aa kama sabuni. Futi nne na nusu ukaanza mchanganyiko wa rangi. Zaidi kidogo ya tano sururu ikagonga changarawe nyekundu, ile ya kushindilia barabara, waiitayo maramu. Nilihesabu inchi zile kama mtu anayesomewa makosa yake.

Kwa shauri lake vyumba viwili vya nyuma vitavunjwa, kwa kuwa havitengenezeki, na mawe yake yatumike tena. Udongo mweusi wote utolewe hadi maramu, na uondolewe kiwanjani kabisa, usirudishwe shimoni kwa ajili ya kupunguza gharama. Maramu nyingine iletwe kwa lori, imwagwe tabaka kwa tabaka na kushindiliwa kila tabaka. Chini ya ukuta mkanda wa zege wenye nondo, uende mzunguko bila ya kukatika, ili pembe moja ikisukumwa nyumba yote ishikane. Dawa ya mchwa imwagwe kabla ya sakafu, kisha karatasi nzito ya nailoni itandazwe chini ya zege, na juu ya msingi, kabla ya jiwe la kwanza la ukuta, ipite karatasi ya lami ya kuzuia unyevu usipande. Mabati yapewe mifereji na maji yapelekwe kwenye tangi lililo mbali na ukuta. Tangi la sasa limegusana na nyumba na bomba lake linavuja. Pembe iliyo karibu nalo ndiyo iliyopasuka kuliko zote, nasi tulikuwa tunalaumu mvua peke yake.

Vyumba vya mbele vitaachwa, vipewe ule ukingo wa zege na kuangaliwa kwa misimu miwili.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni maji. Zege halitaki kukauka upesi. Linataka unyevu kwa siku saba angalau, na kwa jua la kule likiachwa linapasuka kabla halijapata nguvu. Nyumba ile hununua maji kwa madumu, na mbuzi pia wanakunywa. Mume wa mpwa wangu alihesabu kwa vidole, akanyamaza. Fundi alisema zege limwagwe alfajiri, lifunikwe magunia na mchanga juu yake, na gunia likilowa asubuhi litahifadhi unyevu hadi jioni. Kwa njia hiyo maji hayapotei. Yule bibi jirani, aliyekuwa amesimama akitazama, alisema ana magunia.

Kwa ndugu mliochanga: tulichookoa kwa futi zile tatu hakifiki nusu ya kitakachotumika sasa. Tofauti hiyo ni juu yangu, si juu ya mchango wenu, na nimeshaanza kuilipa. Sitapokea nyongeza kutoka kwa mtu yeyote kwa ajili ya nyumba hii.

Kazi ilianza Jumamosi, baada ya kumfunulia bibi ramani kwenye mchanga na yeye kusogeza kona moja hatua nne kwa mguu wake, mbali na njia ya maji. Fundi alipigilia kigingi hapo. Kisha akanipa ncha ya kamba, akaniambia nishike na nisilegeze, naye akaenda na ncha nyingine upande wa pili.