Krimu niliyomletea dada kutoka Nakonde

Jamani, hii habari nimeizungusha kichwani kwa muda mrefu nikiona aibu kuiandika. Sisi wanaume habari za chunusi za akina dada huwa tunaziona ni maneno ya saluni, tunapita zetu. Na mimi nilipita, mpaka siku nilipogundua kwamba nimechangia.

Dada yangu ana miaka 31 na anauza nguo za watoto hapa Tunduma, karibu na barabara kuu ile inayojaa malori yanayosubiri kuvuka. Kwa wasiopajua, Tunduma ipo mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Nakonde ya Zambia ipo hapo hapo pua na mdomo. Mtu anaacha chai mezani, anavuka kununua sukari, anarudi chai haijapoa.

Shuleni dada hakuwa na chunusi hata moja. Zilimwanza akiwa na miaka 28, kwenye taya na kidevu, na zilizidi siku chache kabla ya kuingia mwezini. Basi ushauri ukamiminika. Mmoja anasema olewa zitaisha, mwingine anasema hunawi vizuri. Dada wa watu akawa ananawa mara tano kwa siku, tena kwa sabuni ya kufulia! Usiku anazikamua mbele ya kioo. Kila chunusi ikipona inaacha doa jeusi, na hayo madoa yalimuuma kuliko chunusi zenyewe.

Siku moja nikiwa naelekea Nakonde kufuatilia habari ya bei ya mahindi, akanipa hela na kikaratasi chenye jina la krimu. "Mdogo wangu, niletee hii. Wenzangu wote wanatumia." Nikamletea. Niliipitisha kwenye begi langu la kazi, pamoja na kalamu na daftari. Na hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu mimi huyo huyo nilikwisha kuandika gazetini kuhusu vipodozi vyenye sumu. Nilijua zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Nilijua hata kwamba tangu 2019 kazi ya kusimamia vipodozi ilitoka TFDA ikaenda TBS. Kujua nilijua, ila lilipofika kwa dada yangu nikaona ni krimu tu.

Mwezi wa kwanza mambo yalikuwa mazuri. Madoa yakafifia, uso ukang'aa, wateja wakamsifia. Alininunulia shati kunishukuru. Mwezi wa tatu vikaanza kutoka vipele vidogo vidogo vinavyofanana, uso mzima hadi kifuani. Jua likipiga kidogo ngozi inawaka moto. Akiacha krimu siku tatu hali inakuwa mbaya zaidi, kwa hiyo anairudia. Ikafika mahali akawa hafungui duka. Sendofu ya binti wa mjomba hakwenda, akasema anaumwa tumbo. Mama akaniuliza, "Mwanangu, dada yako ana nini?" Nikasema sijui. Nilikuwa najua.

Tulipanda basi hadi Mbeya, kama kilomita 100 hivi, kumwona daktari wa ngozi. Jambo la kwanza aliloomba ni boksi la krimu. Akasoma yale maandishi madogo, akaweka kidole kwenye neno moja: klobetasoli. Hiyo ni steroidi kali, dawa ya magonjwa fulani ya ngozi, inayotakiwa kutumika kwa muda mfupi na kwa maelekezo ya daktari. Ukiipaka usoni miezi na miezi inafanya ngozi kuwa nyembamba na inazalisha chunusi zake yenyewe. Kumbe dada alikuwa kwenye mduara: chunusi zinaleta doa, doa linaleta krimu, krimu inaleta chunusi nyingine.

Daktari alimpangia namna ya kuiacha chini ya uangalizi. Kisha akatueleza mambo ambayo laiti tungeyasikia miaka mitatu nyuma. Chunusi za mwanamke mtu mzima si uchafu, na wala haziponi kwa kuolewa. Mara nyingi homoni zinahusika. Kama hedhi inaruka ruka na ndevu zinaota kidevuni, mtu apimwe, huenda kuna tatizo kwenye ovari. Hata baadhi ya sindano na vipandikizi vya uzazi wa mpango vinaweza kuzidisha chunusi. Usiache kimyakimya, zungumza na mhudumu akubadilishie.

Uso unaoshwa mara mbili kwa siku kwa sabuni laini, basi. Usikamue, maana ukikamua unaongeza doa. Mafuta mazito ya nywele yasishuke kwenye paji la uso. Dawa zipo: benzoili peroksaidi, adapalini (mjamzito asiitumie), na asidi ya azelaiki ambayo inasaidia na madoa pia. Ila zinataka uvumilivu wa wiki 8 hadi 12. Madoa nayo yanahitaji kukingwa na jua, la sivyo yanakaa muda mrefu. Hakuna kati ya hizo inayokung'arisha kwa wiki moja, na nadhani hapo ndipo krimu za magendo zinapotushinda akili.

Sasa ni mwezi wa tano. Chunusi bado zinatoka mbili tatu kila mwezi, madoa yanaondoka polepole, lakini duka limefunguliwa. Nilipomwomba radhi alicheka. "Mdogo wangu, si mimi ndiye niliyekutuma?" Ni kweli alinituma. Lakini aliyekuwa na habari kamili kichwani ni mimi, na nikanyamaza.

Wiki iliyopita rafiki yangu mmoja alisikia nakwenda Nakonde, akaniomba nimletee mchumba wake "kakitu kadogo tu" ka kupaka usoni. Nikamwambia aniletee kwanza huyo shemeji, tukae tuzungumze. Amenuna hadi leo. Acha anune.