Umeme wa Angani na Kopo la Mkaa

Januari 2024, shirika la anga la Marekani, NASA, lilichapisha tathmini ya wazo alilolileta mhandisi Peter Glaser mwaka 1968: kuweka paneli za sola angani, ambako karibu hakuna usiku wala mawingu, kisha kuuteremsha umeme duniani kwa mawimbi. Jibu lilikuwa kavu. Uniti moja ingegharimu kati ya dola 0.61 na 1.59, mara 12 hadi 80 ya umeme jadidifu wa ardhini, na sehemu kubwa ya gharama ni kurusha mizigo kwa roketi. Hewa ukaa yake ilikadiriwa kukaribiana na ile ya sola na upepo wa hapa chini.

Kilichonishika si jibu, bali namna ya kuhesabu. Moshi ulifuatwa tangu kiwandani hadi kwenye roketi. Ni nani ameuhesabu hivyo mkaa unaopita mbele yangu hapa Kibaha, magunia yamefungwa juu ya pikipiki, kuelekea Dar es Salaam?

Mama yangu mdogo anaishi Kisarawe. Ana mita ya LUKU, ana taa, redio na chaji ya simu. Maharage huyapika kwa mkaa, wala si ukaidi. Kopo la mkaa hununuliwa kwa hela ya leo. Jiko la presha la umeme hudai fedha nyingi kwa mkupuo. Umeme wenyewe, kwa mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, ni shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo (ule wa angani ungezidi 1,500). Lakini katika bei ya kopo hamna mti wa Kazimzumbwi, wala kifua chake kinachobana jioni.

Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa megawati 2,115. Kinachokwamisha ni sufuria. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Mita inayoweza kukusanya kodi inaweza pia kukusanya rejesho la jiko, kidogo kidogo. Nilipomweleza mama mdogo, hakuniuliza habari za anga. Aliuliza rejesho lingekuwa shilingi ngapi kwa wiki.