Ubao na Tuta

Uzito wa kuchagua hautoki katika bei ya kitu peke yake. Hutoka katika wingi wa vitu vingine vitakavyowekwa juu yake. Mtu akikosea kuchagua shati, hulivaa shambani akanunua jingine. Akikosea kuchagua kiwanja, nyumba yake nzima hulipa kosa hilo, na watoto wake hulirithi. Kwa sababu hii mwenye busara huwa mwepesi dukani lakini mzito kiwanjani.

Kijana mmoja wa Mgeta alikutana na uchaguzi wa namna hii mwaka 2024. Alikuwa mwanafunzi katika chuo kimoja mjini Morogoro, naye wakati wa likizo alipanda gari la mboga lililokuwa likirudi tupu mlimani, akafika kwao Langali na karatasi mfukoni. Katika karatasi hiyo aliandika majina ya vifaa alivyotaka kuvinunua ili aunge kwa mikono yake kompyuta ya kuchezea michezo. Vifaa karibu vyote alikwisha kuvipima na kuvipigia hesabu. Kilichobaki kilikuwa kimoja, nacho ndicho kinachovibeba vyote: ubao mama, ambao mafundi wa mjini huuita mazabodi.

Ubao huu ni bamba jembamba lililotandazwa nyuzi za shaba zisizoonekana. Ulio mkubwa wa kawaida, kwa kipimo kilichowekwa na kampuni ya Intel mwaka 1995, una urefu wa milimita 305 na upana wa milimita 244. Juu yake pana soketi ya prosesa. Kando ya soketi pana nafasi za vijiti vya kumbukumbu. Chini yake pana mahali pa kadi ya picha. Wenyewe hauhesabu wala hauchori. Hupokea, huunganisha na kugawa. Umeme wa volti 12 unapoingia, ubao huushusha mpaka volti moja na sehemu yake ili prosesa isiungue. Mchezaji husifu wepesi wa prosesa na uzuri wa picha, wala hautaji ubao, kama vile mlaji wa kabeji sokoni Morogoro asivyoutaja udongo wa Nyandira. Lakini soketi ikikataa, prosesa ya thamani kubwa huwa kama kipande cha bati.

Mbao mbili zilishindana katika karatasi ya kijana. Wa kwanza ulikuwa wa ukoo wa soketi iitwayo AM4, iliyotolewa na kampuni ya AMD ya Marekani mwaka 2016. Alama ya ubao ilikuwa B550, iliyotoka mwaka 2020. Wa pili ulikuwa wa AM5, soketi iliyoirithi ile ya kwanza mwaka 2022; alama yake B650. Majina yanafanana kama ya ndugu, lakini ndugu hawa hawali sahani moja. Prosesa ya AM4 ina pini 1331 tumboni mwake. Ya AM5 haina pini, maana pini zake 1718 zimehamishiwa katika soketi ya ubao. Vijiti vya kumbukumbu vya mmoja ni vya kizazi cha nne, vya mwingine ni vya kizazi cha tano, na pengo la ukingoni mwa kijiti limekatwa mahali mbalimbali ili mtu asikishindilie pasipo pake. Basi anayechagua ubao huwa amekwisha kuchagua prosesa na kumbukumbu, hata kama hajazitaja.

Bwenini wenzake waligawanyika makundi mawili, wakabishana kama watu wa Simba na Yanga. Wapenzi wa ubao mpya walisema kwamba msingi hununuliwa kwa ajili ya kesho. Walitoa mfano wa soketi ya Intel ya mwaka 2020, iliyohudumia vizazi viwili tu vya prosesa kabla ya kufuatwa na nyingine mwaka 2021. Aliyeinunua aliufunga mlango wake mapema. Kinyume chake, AMD ilikuwa imetangaza katikati ya mwaka 2024 kwamba itaendelea kuihudumia AM5 mpaka mwaka 2027 na kupita hapo. Wapenzi wa ubao wa zamani walijibu kwamba ahadi ni maneno na umri ni ushahidi. Walikumbusha jinsi kampuni hiyo hiyo ilivyosema Mei 2020 kuwa mbao za B450 hazitapokea prosesa za kizazi kilichokuwa kinakuja, ikarudi nyuma mwezi ule ule baada ya wenye mbao kulalamika. Ahadi ya AM5 ilikuwa bado mbele. Maisha ya AM4 yalikuwa yamekwisha kuonekana, na hata mwaka 2024 prosesa mpya za soketi hiyo zilikuwa zikitolewa.

Hoja zote mbili zilikuwa na kweli ndani yake, na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Kuchagua baina ya kweli na uongo hakuhitaji mashauri marefu. Kuchagua baina ya kweli mbili humnyima mtu usingizi.

Fedha nayo ilikuwa na sauti yake. Sehemu aliipata kwa kuwatengenezea wanafunzi wenzake kompyuta zao. Sehemu kubwa ilitoka katika viazi vya tuta alilopewa na mama yake. Fedha hiyo ilitosha kwa njia moja au nyingine, wala si kwa zote. Akifuata AM4, angepata ubao, prosesa nzuri, vijiti viwili vya kumbukumbu na kadi ya picha iliyokwisha kutumika. Akifuata AM5, angepata ubao, prosesa ya chini kabisa na kijiti kimoja. Kadi ya picha ingengoja. Prosesa ile ingeweza kuonyesha picha kidogo kwa uwezo wake yenyewe, lakini michezo aliyoitamani ingetembea kama mgonjwa.

Hata hivyo moyo wake ulikuwa kwa AM5. Kijana aliyezaliwa mlimani hupenda njia inayoendelea kupanda.

Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ya ukoo hufuata njia hiyo. Kwa hiyo fedha iliyotoka tutani haikuwa mali ya kijana peke yake hata kidogo; mama yake alikuwa na neno juu yake, na mjomba wake pia. Jioni alipoyaeleza mambo yake, mjomba aliisikiliza habari ya soketi na pini mpaka mwisho, kisha akasema, "Mpwa wangu, viazi vya ukoo ndivyo viende kwenye mchezo?"

"Kaka," mama akadakia, "bao lako unalolicheza kila jioni lina mashimo 32, nawe hujavuna hata kunde katika shimo moja."

Mjomba alicheka, na neno la mchezo likaishia hapo. Mama alimgeukia mwanawe, akamwuliza ni kiasi gani kilichopungua ili huo ubao mpya upate kila kitu chake. Kijana alitaja kiasi. Mama alinyamaza kidogo, akasema, "Ipo fedha niliyoiweka ya mbolea ya msimu ujao. Ichukue. Mimi nitajua la kufanya."

Hapana furaha iliyo na miiba kama kupewa kitu na asiye na ziada. Kijana alishukuru, akaenda kulala, akaona kwamba alilolitamani limekuja karibu yake bila ya kumkaribisha usingizi.

Asubuhi alimfuata mama yake shambani. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka mabondeni, na matuta ya Mgeta yalionekana moja juu ya jingine, mengine yana maharage, mengine yana kabeji, mengine yana njegere. Mgeni huyaona matuta haya akadhani ni mapambo ya mlima. Yana historia yenye uchungu. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta mapana yaliyosawazishwa kama ngazi, ili kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Nia ilikuwa na maana, lakini mahali pengi jembe liliuzika udongo wa rutuba na kuutoa juu udongo mwekundu usiozaa. Watu walichimba kwa jasho, wakavuna haba. Chuki ikakua, na mwaka 1955 ghasia zikatokea Matombo, upande wa mashariki wa milima, mradi ukavunjika. Lakini huku Mgeta matuta ya namna hiyo yamesalia. Huku palikuwa na maji ya kumwagilia, palikuwa na mboga zenye soko mjini, na palikuwa na samadi. Katika miaka ya 1980 waliongezeka mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway, na samadi yao ikaingia tutani. Tuta lile lile lililowatia watu hasira mahali pengine, liliwalisha watu mahali hapa.

Mama alisimama mbele ya tuta moja la jirani, pana na lililonyooka kuliko yote ya jirani zake. Viazi vyake vilikuwa na majani membamba ya manjano.

"Alilichimba vizuri sana," mama alisema. "Fedha yote iliishia kwa vibarua. Tuta lisilopata samadi huonyesha tu kwamba mtu alifanya kazi."

Mama alikuwa akisema habari ya jirani. Lakini kijana alilitazama lile tuta zuri lenye njaa, akauona ubao wa B650 ukiwa na kijiti kimoja cha kumbukumbu na nafasi tatu tupu, nayo sehemu ya kadi ya picha ikiwa wazi kama kinywa. Kisha akaliona tuta la mama yake msimu ujao bila mbolea. Ubao mmoja ungekuwa umeyafanya mashamba mawili yalale na njaa, la mjini na la mlimani. Tangu mwanzo alikuwa akiuliza ni ubao upi ulio bora. Swali lililompasa lilikuwa ni ubao upi atakaoweza kuulisha.

Hakuchukua fedha ya mbolea. Alimwambia mama yake kwamba ubao wa kwanza unatosha, na mama, ambaye hakujua tofauti ya mbao zile, alijua tofauti ya sauti ya mwanawe, akanyamaza.

Isidhaniwe kwamba hakupoteza kitu. Alipoteza prosesa za miaka ijayo, ambazo hazitakaa katika soketi ya AM4 hata kwa nyundo. Alipoteza neno la kujisifia bwenini. Aliyachukua mapungufu haya akijua jina la kila moja, na mtu anayeijua hasara yake kabla ya kununua huwa hajadanganywa na muuzaji wala na nafsi yake.

Akiisha kuamua, hakuwa mzembe. Alifahamu kwamba mbao za B550 zilianza kuuzwa kabla ya kutoka kwa prosesa aliyoitaka, na kwamba ubao uliokaa rafuni siku nyingi huenda ukawa na programu ya zamani ya kuwashia, isiyoitambua prosesa hiyo. Aliye na ubao wa hivyo huenda akahitaji kuazima prosesa nyingine ili aifanye mpya programu hiyo, na huko Langali hapana jirani wa kumwazima prosesa. Kwa hiyo aliomba vifaa viungwe na kuwashwa mbele yake kabla ya kulipa. Aliuchagua ubao wenye nafasi nne za kumbukumbu, ajaze mbili na kuziacha mbili, na wenye vipande vya chuma vya kupoza mahali umeme unaposhushwa, maana joto la Morogoro mjini si baridi ya Mgeta. Aliununua kuukuu wa ukoo, lakini aliununua mzima.

Alipokwenda likizo iliyofuata, alikuta tuta limepata mbolea na viazi vina majani ya kijani kibichi. Aliwaonyesha mama na mjomba picha za kompyuta yake katika simu. Mjomba aliutazama ubao kwa muda mrefu, akahesabu mashimo yake, akasema hauna hata nusu ya mashimo ya bao lake.

"Na ukizeeka?" mama aliuliza.

"Kasha, diski, pawa saplai na kadi ya picha vitahamia ubao mwingine, mama. Prosesa na vijiti vitabaki nao."

Mama aliinamia jembe lake. "Basi uwatafutie mwenye kuwahitaji," alisema, "na tuta lisilime peke yake, shika jembe."